Kongwa ndiko kwenu

Mwanangu Neema,

Marahaba, salamu zako nimezipata. Mzigo umeshaupokea kwenye basi? Hizo karanga nimezibangua mwenyewe, usizigawe zote siku moja.

Umeniambia wenzako bwenini wanaitaja Kongwa kama ardhi iliyoshindikana, nawe ukakosa la kujibu. Neno hilo limeninyima usingizi.

Ni kweli, mwaka 1947 Waingereza walikuja kulima karanga, maana vita vilikuwa vimewaacha na uhaba wa mafuta ya kula. Walikusudia ekari zaidi ya milioni 3, kwetu, Urambo na Nachingwea. Wakaleta matingatinga, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru, wakatandika na reli kutoka Msagali. Babu yako alipata kibarua cha kung'oa visiki. Alikuwa akituonyesha kovu la mnyororo mguuni, akisema mbuyu mmoja uliweza kuwamalizia siku nzima. Mvua zikawa haba, udongo ukakauka ukazikamata karanga humo humo ardhini. Januari 1951 wakaacha, pauni milioni 36 zimeteketea.

Lakini udongo huo huo ndio uliokusomesha. Unaujua: mvua ikinyesha unaganda kwenye jembe, jua likiwaka siku chache unakuwa tofali. Ndiyo maana sisi tunaamka alfajiri kung'oa karanga zetu udongo ungali na unyevu, shina kwa shina, kwa mkono. Na uwele hatuuachi, mvua ikigoma tupate ugali. Ninalima ekari tatu tu, na ninajua kila mahali maji yanapotuama.

Waambie na hili, ambalo kwangu ni kubwa kuliko karanga zote za Waingereza. Kuanzia 1964 wapigania uhuru walipiga kambi hapa: FRELIMO wa Msumbiji, ANC wa Afrika Kusini, SWAPO wa Namibia, MPLA wa Angola. Samora Machel alikaa hapa Kongwa, miaka mingi kabla hajawa rais wa Msumbiji. Bibi yako aliwauzia maziwa mpaka akajua kuhesabu kwa Kireno. Yale maneno uliyokuwa ukimsikia jioni akihesabu kuku, um, dois, três, aliyapata kwao.

Desemba mkifunga chuo, njoo. Shuka Mbande, mdogo wako atakupokea. Mbegu ziko kwenye kibuyu juu ya jiko, na matuta ya upande wa mbuyu nimekuachia wewe.

Mama yako