Maandishi ya ukutani nayo ni historia ya kanisa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie makala yenu kuhusu makanisa ya parokia ya Uingereza ya zama za kati. Mwandishi aliwaeleza vyema maaskofu na matajiri waliogharamia majengo hayo, lakini maandishi yaliyokwaruzwa kutani aliyaita uharibifu, akaendelea na mengine. Hapo sikubaliani naye, na ushahidi wangu ni kanisa la Mtakatifu Maria katika kijiji cha Ashwell, Hertfordshire.

Sehemu kubwa ya kanisa hilo ilijengwa katika karne ya 14 kwa mawe ya chaki, laini kiasi kwamba ncha ya kisu huyachora bila shida. Ndani ya mnara, kwenye ukuta wa kaskazini, mtu asiyejulikana jina alichonga mistari ya Kilatini inayosimulia tauni ya mwaka 1350, tauni kali na ya kusikitisha, iliyowaacha watu wanyonge tu kuwa mashahidi wake. Chini yake umetajwa upepo mkuu wa siku ya Mtakatifu Maurus, mwaka 1361. Kwa hesabu yetu ni tarehe 15 Januari 1362, kwa sababu Waingereza wa enzi hizo walianza mwaka mpya Machi 25. Na dhoruba hiyo imeandikwa pia na watawa waliotunza kumbukumbu za miaka ile.

Tauni ilipoingia Uingereza mwaka 1348, iliua theluthi moja ya watu au zaidi. Hesabu hiyo tunaisoma vitabuni, bali pale Ashwell anazungumza mtu aliyenusurika, tena katika jengo ambalo mafundi walikuwa bado wanalijenga. Mimi sijui kaburi la tajiri yeyote linaloweza kutupa ushuhuda wa namna hiyo.

Kanisani humo mna pia mchoro wa kanisa kubwa lenye mnara uliochongoka, unaoaminika kuwa ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo la zamani, lile lililoungua katika moto wa London wa mwaka 1666.

Katika karne ya 19 wakarabati walibandua lipu ya kale katika makanisa mengi ya Uingereza, na maandishi yaliyokuwa juu yake yakapotea. Kwa hiyo namwomba mwandishi, atakapoendelea na mfululizo wake, ayape maandishi haya sehemu yake kamili.

Wako mtiifu,
Msomaji, Morogoro