Ratiba za zamu ya usiku ziangalie saa ya mwili

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu saratani ya matiti niliisoma yote, nikaibandika kwenye ubao wa wodi ili wenzangu nao waione. Mmezungumzia pombe, uzito, kunyonyesha na historia ya ukoo, na mmewahimiza wanawake wajichunguze. Kazi za usiku hamkuzigusa hata kwa sentensi moja. Mimi ni mkunga, sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimekesha, na pengo hilo limeniuma.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka kazi za zamu zinazovuruga saa ya mwili, ile inayopanga muda wa kulala na kuamka, katika kundi la mambo ambayo pengine husababisha saratani. Hiyo ilikuwa mwaka 2007. Mwaka 2019 walilipitia upya suala la kazi za usiku na wakaliacha kundi lilelile. "Pengine" hiyo ina uzito wake, maana utafiti mkubwa wa wanawake wa Uingereza uliotolewa mwaka 2016 haukuona ongezeko la saratani ya matiti. Sitaki kumtisha mtu. Ila yanayotokea ndani ya seli yanajulikana vya kutosha kutufanya tuulize maswali.

Saa kuu ya mwili iko ubongoni, juu kidogo ya pale mishipa ya fahamu ya macho inapopishana. Ni kifungu cha seli kama 20,000 tu, na mwanga wa jua huirekebisha kila siku. Seli za ini, za ngozi na nyinginezo hufuata saa hiyo huku kila moja ikiendesha ya kwake: jeni fulani, yaani maagizo ya urithi, hutengeneza protini, protini zikijaa hurudi kuzizima jeni zilezile, kisha huchakaa na kuisha, kazi ikaanza upya. Mzunguko mmoja huchukua kama saa 24. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2017 kwa kuufumbua, wakiwachunguza inzi wadogo wa matunda.

Sasa, DNA yetu, ile yenye nyuzi mbili inayobeba jeni hizo, huharibika kila siku, kwa jua, kwa moshi, hata kwa oksijeni tunayoivuta, na seli ina njia kadhaa za kuikarabati kabla uharibifu haujaleta saratani. Njia moja aliichora hatua kwa hatua Aziz Sancar, Mturuki aliyezaliwa katika mji mdogo wa Savur kwa wazazi wasiojua kusoma, akafanya kazi ya udaktari vijijini kabla ya kwenda Marekani kwenye utafiti. Protini hukitambua kipande kilichoharibika, hukikata na kukitoa, herufi kama 30 za DNA kwa mara moja, kisha hujaza pengo kwa kunakili uzi wa pili uliobaki mzima. Ni kama fundi cherehani anayekata sehemu iliyoungua na kutia kiraka cha kitambaa kilekile. Kwa kazi hiyo alipata Nobeli ya Kemia mwaka 2015, pamoja na Tomas Lindahl na Paul Modrich.

Kilichonigusa zaidi ni waliyoyaona Sancar na wenzake kwa panya. Protini mojawapo ya ukarabati huo, XPA, hupanda na kushuka kwa kufuata saa ya mwili. Mwaka 2011 walitoa matokeo ya panya waliomulikwa miale ya urujuanimno, ile ya jua inayounguza ngozi, kundi moja saa kumi alfajiri, jingine saa kumi jioni, kwa kipimo kilekile. Wale wa alfajiri, wakati ambao ukarabati wao uko chini kabisa, walipata saratani ya ngozi kama mara tano ya wenzao wa jioni. Panya ni mnyama wa usiku, hivyo saa zake huwezi kuzihamishia kwa binadamu kama zilivyo. Lakini nani atabisha tena kwamba seli inajua ni saa ngapi?

Na binadamu je? Seli ikiondoa sehemu ya DNA iliyoharibiwa na oksijeni, mabaki yake huishia kwenye mkojo. Watafiti wa Seattle, Marekani, waliyapima mabaki hayo kwa wafanyakazi 50 wa zamu za usiku, wakatoa matokeo mwaka 2017. Watu walewale, usiku waliokuwa kazini, walitoa asilimia 20 tu ya mabaki waliyoyatoa usiku waliolala. Watafiti wanaona huo ni ukarabati uliopungua, na wanauhusisha na melatonini, homoni ya giza, ambayo taa za wodini huizuia isitoke vya kutosha. Hamsini ni wachache, nakubali. Sisi hapa hata mmoja hajapimwa.

Njoo sasa wodini kwetu. Hospitali siitaji, maana nyingi ziko hivihivi. Ratiba imebandikwa nyuma ya mlango wa chumba cha wauguzi, imeandikwa kwa penseli, na karatasi imetoboka pale majina yanapofutwa kila mara. Hufutwa kwa sababu sisi ni wachache, na hilo nalielewa. Mama mwenye uchungu haambiwi angoje mkunga alale. Nisichokielewa ni mwelekeo wake. Tunatoka usiku tunaingia mchana, tunatoka mchana tunaingia asubuhi, kisha usiku tena. Saa ya mwili wa binadamu, isiporekebishwa na mwanga, huzidi saa 24 kwa dakika kadhaa, ndiyo maana wengi wetu kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kuwahi. Zamu zikianza asubuhi, zikaja mchana, ndipo usiku, mwili unasogea upande wake. Na kwa kuwa husogea kama saa moja tu kwa siku, aliyemaliza usiku asipangiwe asubuhi kabla hajalala usiku kadhaa nyumbani kwake. Kugeuza mwelekeo hakuhitaji bajeti.

Sheria yetu ya Tanzania ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaitambua kazi ya usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na inamtaka mwajiri aongeze angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Inataka pia mapumziko ya saa 12 mfululizo kabla ya kurudi kazini. Nashukuru kwa yote mawili. Lakini saa 12 za mtu aliyekesha ni saa za mchana. Mwenzangu mmoja hapa Tanga amepanga chumba cha bati kisicho na dari. Anafika saa tatu asubuhi, anatundika kanga mbili dirishani, na ikifika saa sita bati linawaka. Jirani anabisha hodi kudai mchango wa umeme wa Luku. Mtoto anarudi shule na njaa. Saa kumi anainuka kupika, saa moja jioni yuko wodini anahesabu matone ya dripu ya mtu mwingine. Asilimia 5 haijamrudishia usingizi wake.

Naomba wizara na waajiri, na si wa hospitali tu, bali wa viwanda, bandari na kampuni za ulinzi pia, waanze na ratiba. Zitolewe mapema, zigeuke kwenda mbele, na anayetoka usiku apewe siku za kulala usiku. Wanaokesha kwa miaka mingi wakumbukwe kwenye uchunguzi wa matiti, ambao mara nyingi hufanyika asubuhi, wakati sisi tunatoka kazini hoi na foleni hatuiwezi.

Nawe Mhariri, mtakapoandika tena habari hizi Oktoba, mwezi wa saratani ya matiti, mtume mwandishi aje wodini saa tisa za usiku, na kesho yake awaulize wakuu wa hospitali ratiba zao zinageuka kuelekea wapi.

Mkunga wa zamu,
Tanga
(Jina limehifadhiwa)