Mwalimu, wewe umejaribu?

Ngamiani, Tanga
Jumamosi usiku

Sahibu yangu,

Assalaam aleikum. Barua yako nimeipata, na salamu za mama nimezifikisha. Anasema deni lako la halua bado liko palepale.

Umelalamika kwamba vijana wa darsa yako siku hizi wanakuja na majibu kwenye simu, kila mmoja mufti. Ukanitania kwamba afadhali sisi watu wa fizikia, kwetu kila kitu kimeshapimwa kikaisha. Ngoja nikivue hicho kilemba ulichonivika.

Kila mwaka nikifika kwenye somo la kupoa kwa vitu, huwasimulia wanafunzi habari za Erasto Mpemba. Unaijua juujuu, lakini utamu uko ndani. Mwaka 1963 Mpemba yuko kidato cha tatu Magamba, Lushoto hapo juu. Wavulana walikuwa wakichemsha maziwa, wakitia sukari, wakiyaacha yapoe, ndipo wanayaingiza kwenye friza kupata askrimu. Siku moja akaona akisubiri atakosa nafasi, akayatia yakiwa ya moto vilevile. Baada ya saa moja na nusu yake yameganda, ya mwenzake ambaye hakuchemsha bado uji. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Muuza askrimu mmoja wa hapa mjini kwetu, rafiki yake, ndiye aliyemwambia kwamba naye hutia ya moto ili yagande upesi. Alipokwenda Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Mwalimu wa huko akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Basi darasa likapata wimbo: akikosea hesabu, "hesabu za Mpemba hizo!"

Mpaka akaja mgeni, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar. Mpemba akasimama: maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100, ujazo mmoja, kwa nini ya 100 ndiyo yanatangulia kuganda? Wenzake wakacheka. Osborne akamuuliza kama kweli amejaribu. Alipojibiwa ndiyo, akasema sababu haijui, ila akirudi Dar atajaribu. Na akajaribisha kweli. Fundi wa maabara akaleta habari kwamba maji ya moto yametangulia, lakini asiwe na wasiwasi, watarudia mpaka wapate jibu sahihi! Hapo darasa langu huvunjika mbavu kila mwaka. Makala ya Mpemba na Osborne ikatoka 1969.

Mwaka huu nikamaliza, wakacheka, nikawa nafuta ubao. Binti mmoja wa nyuma, mkimya sana, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, wewe umejaribu?"

Miaka 11 naisimulia hadithi ile. Sijajaribu hata siku moja. Na unajua nilimjibuje? "Hiyo imeshathibitishwa. Kaa." Akakaa. Mimi nikaendelea kufuta ubao uliokwisha kufutika.

Na wala haijathibitishwa, hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walipima kule Uingereza wakafuatilia maji yakishuka hadi nyuzi sifuri, wasione ushahidi wowote wa maana kwamba ya moto hutangulia. Wakaonyesha kwamba ukikosea mahali pa kuweka kipimajoto kwa sentimita moja tu, unaweza kujipatia miujiza ya bandia. Halafu 2020 watafiti wawili wa Kanada wakaonyesha jambo linalofanana nalo kwa chembe ndogo mno ndani ya maji, ambako hakuna barafu kabisa. Mambo yote hayo nilikuwa nimeyasoma! Lakini darasani nilitaka hadithi iishe vizuri, kijana ashinde, mwalimu aaibike. Sasa tuseme mwisho wa yote Mpemba aonekane alikosea. Yule mwalimu wa Magamba atakuwa amepata? Mimi naona hapana, maana hakwenda hata kuchungulia friza.

Basi nikaazima kipimajoto cha shule (bila karatasi, usimwambie mtu) nikaliomba friza la mama, lile la barafu za ubuyu. Vikombe viwili vya bati, maji kipimo kimoja. Mara ya kwanza ya baridi yakatangulia. Mara ya pili ya moto. Nikaruka kwa furaha, mama akatoka jikoni akidhani nimeona nyoka. Nilipokiinua kikombe ndio nikaona: kile cha moto kilikuwa kimeyeyusha ukungu wa barafu chini yake, kikakaa kwenye bati tupu la friza, wakati mwenzake amekalia ule ukungu kama godoro. Hayo si mashindano ya haki. Mara ya tatu nikaweka kibao cha mbao chini ya vyote viwili. Umeme ukakatika.

Nikamkumbuka maalim wetu. Unakumbuka siku tuliyomuuliza mtu afungeje saumu kwenye nchi ambako jua halizami? Tulitaka kumkamata tu, watundu sisi. Akasema, "Sijui. Nipeni mpaka Alhamisi," akaandika swali kwenye lile daftari lake la jalada jekundu. Alhamisi akarudi: wako wanaosema afuate saa za mji wa karibu wenye usiku na mchana, wako wanaosema saa za Makka, na akatupa hoja za kila upande. Ndipo akamalizia Wallahu aalam, Mungu ndiye ajuaye zaidi. Siku hizi naisikia ikitangulia, kama mtu anayefunga duka mapema.

Ulininukulia Imam Malik, yule mwanachuoni mkubwa wa Madina, kwamba imepokewa aliulizwa masuala 48, akasema "sijui" kwa 32. Naona umeipenda sana hiyo 32. Lakini yale 16 aliyajibu, sheikh wangu. Hao vijana wako usiwakimbie kwa kisingizio cha unyenyekevu. Yale unayoyajua waambie, na uwaonyeshe umeyatoa wapi.

Jumatatu nitamsimamisha yule binti, si kwa adhabu. Nitawaambia wote kwamba nilimjibu uongo, kisha nimpe yeye vikombe na kibao. Wakicheka, watanicheka mimi. Naogopa kidogo, nisikufiche.

Mama ananiita. Umeme umerudi, na anataka friza lake, barafu za kesho hazijaingia. Nimeomba dakika 90 za mwisho, amenipa 60. Ukija njoo na halua, na kama una kipimajoto kinachosoma chini ya sifuri, nacho uje nacho.

Wasalaam,
nduguyo wa Ngamiani