Achari ya kaskazi na chatini ya kusi

Bwana Mhariri,

Msimu mkubwa wa maembe hapa Pwani huanza Novemba ukaishia Machi, na ule mdogo huja katikati ya mwaka, masika yakielekea kwisha. Misimu hii haifanani hata kidogo, lakini wengi wanaotengeneza achari majumbani Mombasa, wa kula wenyewe na wa kuuza, hushika njia moja mwaka mzima: kata, tia chumvi, anika, tia mafuta. Achari ya Januari hutoka safi. Ya Julai huota ukungu kabla ya wiki mbili, mpishi akailaumu embe au akaulaumu mkono wake. Wa kulaumiwa ni unyevu wa hewa.

Kaskazi ikivuma jua huwa kali na mvua chache. Januari na Februari ndiyo miezi mikavu kuliko yote kisiwani. Kipande cha embe kilichotiwa chumvi hukauka uso kwa siku mbili. Kusi ikishika, manyunyu hayaishi na mawingu hayapanguki, na kipande hichohicho hubaki na majimaji siku nne au tano. Ukungu hautaki muda zaidi ya huo. Kwa hivyo rai yetu kwa wasomaji ni hii: maembe ya kaskazi yaanikwe, ya kusi yapikwe chatini.

Tuanze na ya kuanika. Chagua embe mbichi, ngumu, ya kijani, iliyochumwa siku hiyohiyo. Iliyoanza kugeuka rangi ndani huwa uji kwenye chupa. Ioshe, kisha ipanguse kwa kitambaa kikavu kabla ya kuitia kisu, kwani tone la maji linaloingia hapa ndilo litakaloharibu achari mwezi ujao. Utomvu wa kikonyo huwasha ngozi za baadhi ya watu, basi vaa glavu au paka mikono mafuta. Kata vipande vya unene wa kidole, uvipime kwenye mizani. Kilo 1 ya vipande inataka gramu 150 za chumvi na kijiko kimoja cha mezani cha manjano. Tunasisitiza mizani kwa sababu "konzi ya chumvi" ya mtu mmoja si ya mwingine, na achari nyingi zinazochacha na kutoa povu zimepungukiwa na chumvi. Changanya kwenye bakuli la kioo au la udongo uliopakwa rangi ya kung'aa, funika, acha usiku mzima. Asubuhi utakuta embe imetoa maji. Chuja, anika juani siku mbili, na uingize ndani kabla ya Magharibi, umande usiirudishe nyuma kazi yote ya mchana. Kipande kikiwa tayari kingo hujikunja, na ukikikunja kinapinda kama ngozi bila kukatika wala kuacha unyevu kwenye kidole.

Kwa kilo hiyo tayarisha vijiko 2 vya chai vya uwatu, vijiko 3 vya mezani vya haradali, gramu 40 za pilipili kavu iliyosagwa, na kikombe kimoja cha siki. Uwatu ukaangwe mkavu, moto mdogo, utolewe mara tu unapoanza kunukia. Ukipita hapo ukawa wa kahawia iliyoiva, achari yote itakuwa chungu na hakuna sukari itakayoiokoa. Mafuta vikombe 2 yachemshwe, yaachwe yapoe kabisa, ndipo yamwagwe juu ya embe iliyochanganywa na viungo hivyo na siki. Pakia kwenye chupa zilizochemshwa dakika 10 na kukaushwa, shindilia kwa mpini wa mwiko hadi viputo vya hewa vitoke, na mafuta yasimame juu ya embe kwa sentimita 1. Baada ya wiki tatu ladha huwa imeingia.

Sasa kuhusu cha kuanikia, jambo ambalo watu hulipuuza. Tunaona maembe yakitandazwa juu ya mabati. Mabati yamepakwa zinki, na asidi ya embe ikichanganyika na chumvi huila zinki hiyo ikaingia kwenye chakula. Tumia uteo au jamvi safi, uliloliinua juu ya matofali manne ili hewa ipite chini, na ulifunike kwa kawa la miyaa. Kawa huzuia inzi na kupitisha hewa. Karatasi ya nailoni huzuia inzi pia, lakini embe hutoa jasho chini yake na kurudi kulowa.

Makawa mazuri yanazidi kuadimika sokoni, na mengi yanayouzwa yana mianya. Sababu iko kwenye miyaa. Hukatwa kwenye mti wa mkoma, katika lile kuti changa la katikati ambalo bado limefumba, kuti moja tu kwa kila chipukizi ili mti usidumae. Huchanwa, hutolewa uti, huanikwa siku mbili tatu hadi iwe nyeupe. Kabla ya kusuka hunyunyizwa maji na kuviringwa ndani ya kitambaa kibichi kwa muda wa saa moja. Ikisukwa kavu hukatika kwenye kunjo. Ikisukwa ingali mbichi, au imeloweshwa ikalowa chepechepe, ukili (ule mkanda uliosukwa wa kushonea kawa) husinyaa ukikauka, na hapo ndipo mianya inapotokea kati ya shono na shono. Ukili wa kawa usizidi upana wa vidole viwili, kwani mpana haukubali kuzunguka kileleni. Anza kushona kutoka juu, ukivuta uzi kila mara hadi ukili mmoja upande kidogo juu ya mwenzake. Inua kawa lililokwisha ulitazame dhidi ya jua: nukta za mwanga ni sawa, mistari ya mwanga si sawa.

Turudi kwenye chupa. Ukungu wa kijani au mweusi juu ya achari maana yake kipande kimejitokeza nje ya mafuta, au mtu ametia kijiko chenye maji. Usiukwangue ukaendelea kula. Nyuzi zake huzama ndani zisikoonekana. Tupa. Kifuniko cha bati kikipata kutu, siki imekipata, kwa hivyo tumia cha plastiki. Na sufuria zetu za kawaida ni za aluminiamu, hazifai kupikia siki. Tafuta ya stili au ya enameli isiyobanduka.

Chatini ya kusi ni nyepesi zaidi. Embe mbichi zilizomenywa kilo 2, sukari kilo 1, siki ya asidi asilimia 5 nusu lita (soma kibandiko, zipo za chini ya hapo), chumvi vijiko 2 vya mezani, tangawizi gramu 60, thomu gramu 30, na pilipili kwa kadiri ya wanaokula. Chemsha siki na sukari kwanza hadi sukari iyeyuke, kisha tia vilivyobaki. Moto mdogo, kama saa nzima, ukikoroga zaidi kuelekea mwisho kwa sababu sukari hushika chini na kuungua ghafla. Pitisha mwiko katikati ya sufuria: ukiona njia inabaki wazi kidogo kabla ya kufunga, imeiva. Pakia ingali moto kwenye chupa za nusu lita zilizo moto, acha nafasi ya sentimita 1, futa midomo ya chupa, funga kwa vifuniko vipya vyenye mpira, na uchemshe chupa hizo ndani ya maji yanayozifunika kwa dakika 10. Chini weka kitambaa, chupa zisigongane na sufuria zikapasuka. Hizo dakika 10 ni za Mombasa, usawa wa bahari. Anayepika Nairobi aongeze zifike 15, maana huko juu maji huchemka kwa joto dogo kuliko la kwetu. Chupa ikipoa, kifuniko kibonyee katikati. Kisichobonyea hakikufunga, na chatini hiyo iwekwe kwenye friji iliwe kwanza. Ukitaka kuchanganya maembe mabivu, ongeza maji ya ndimu, kwa sababu embe ikiiva asidi yake hupungua.

Hapa tunaomba wasomaji wasimame nasi kidogo. Wapo wanaofundisha watu kuhifadhi bamia, maharagwe, kunde na hata samaki kwa njia hii ya kuchemsha chupa, bila siki ya kutosha. Njia hiyo inaweza kuua mtu. Bakteria aitwaye Clostridium botulinum hukaa udongoni, na mbegu zake hustahimili maji yanayochemka. Kuziua kunataka joto la nyuzi 121, linalopatikana kwenye chombo maalumu cha presha. Presha ya kawaida ya kupikia maharagwe haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ndani ya chupa isiyo na hewa, yenye chakula cha asidi kidogo, yaani pH (kipimo cha asidi, ambacho hupanda asidi ikipungua) iliyozidi 4.6, mbegu huamka na kutoa sumu. Embe mbichi, ndimu na ukwaju viko chini ya kiwango hicho. Mboga na samaki viko juu. Chakula kinaweza kuonekana kizuri na kunukia vizuri, lakini aliyekila akaanza kuona vitu viwiliviwili, kope zikalegea, akashindwa kumeza na kupumua. Huyo akimbizwe hospitali saa hiyohiyo. Thomu mbichi iliyotiwa ndani ya mafuta na kuachwa kwenye kabati ina hatari ileile: iwe kwenye friji, na iishe ndani ya siku nne. Bamia na kunde za ziada zianikwe zikauke kabisa wakati wa kaskazi, au zigandishwe.

Kwa maofisa wa kilimo wa kaunti tuna ombi moja. Mnapokutana na vikundi vya akina mama kuhusu usindikaji, njooni na mizani na vikaratasi vya kupimia asidi. Vikaratasi hivyo havigharimu pesa nyingi, na mama akiona mwenyewe rangi ikigeuka kati ya chatini na maji ya bamia hatahitaji kuhubiriwa tena.

Na wenye miembe, okoteni zilizoanguka kila siku. Inzi wa matunda aitwaye Bactrocera dorsalis, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003, hutaga chini ya ganda la embe. Embe ikianguka funza hutoka, huingia ardhini, na baada ya siku chache hupaa inzi wapya kwenye zilizobaki juu. Zifukieni kina cha nusu mita. Kina kifupi hakisaidii, inzi hutoboa akatoka.

Limebaki suala la pilipili, ambayo bei yake hupanda wakati ule ule tunapoihitaji. Anayetaka pilipili yake ya achari ya Januari asie mbegu kitaluni katikati ya Agosti, chini ya kivuli cha makuti. Miche ikifika wiki sita, mvua za vuli zinapokaribia, ihamishwe: sentimita 45 kati ya mche na mche, 60 kati ya mistari. Mchanga wetu haushiki maji wala mbolea, basi kila shimo litiwe koleo mbili za samadi iliyooza. Samadi mbichi huunguza mizizi. Tandazeni makumbi ya nazi juu ya udongo, lakini yaloweshwe na kusuuzwa mara mbili kwanza, kwa kuwa yana chumvi. Majani yakiungua kingo ilhali udongo una maji, tazameni kisima: vingi vya kisiwani vina chumvi, na pilipili haiipendi. Bamia isirudiwe mahali palipokuwa na bamia au nyanya. Ing'oeni moja mtazame, na mkikuta mizizi ina vinundu kama shanga, ni minyoo fundo. Pilipili ya kwanza itakuwa nyekundu mwishoni mwa Desemba, embe mbichi zikiwa bado mtini.

Wapika achari,
Likoni, Mombasa