Barua kwa mdogo wangu anayejiandaa kwenda chuo ng'ambo

Mdogo wangu mpendwa,

Nifikishie shikamoo kwa Baba na Mama. Nimefurahi mno kusikia umepata nafasi. Mambo ya viza, bima na chumba utaelezwa na wengi, kwa hiyo mimi nitakuandikia kuhusu masomo yenyewe. Hapo ndipo wanafunzi wageni wengi huyumba muhula wa kwanza, hata waliozoea kuongoza darasa.

Naanza na alama, na sehemu hii uwasomee wazazi. Uingereza, 70 kati ya 100 tayari ni daraja la kwanza. Kufaulu katika shahada ya kwanza kwa kawaida huanzia 40, na katika uzamili 50. Ufaransa wanasahihisha kwa 20: ukipata 10 umefaulu, na 16 ni alama ya kujivunia. Ujerumani mizani imegeuzwa, 1.0 ndiyo bora kabisa, 4.0 umepenya na 5.0 umefeli. Basi siku ukipiga simu kusema umepata 64 Uingereza au 13 Ufaransa, wasidhani umezembea. Hiyo ni kazi nzuri.

Ratiba nayo itakudanganya, kwa sababu inaonyesha saa za mihadhara tu. Katika mfumo wa krediti wa Ulaya mwaka mzima una krediti 60, na kila krediti ni saa 25 hadi 30 za kazi. Somo la krediti 6 basi si chini ya saa 150. Uingereza mwaka ni krediti 120, kila moja saa 10. Kama vipindi vya darasani vinakula saa 45 kati ya hizo 150, zilizobaki ni za kusoma, kuandika na kujiandaa kwa mtihani, na hakuna atakayekukumbusha. Zigawe kwa wiki za muhula tangu siku ya kwanza.

Wiki hiyohiyo soma mwongozo wa kila somo hadi mwisho. Andika pembeni asilimia ya kila kazi, tarehe ya kukusanya, adhabu ya kuchelewa, mtindo wa marejeo na vigezo vya usahihishaji. Marekani alama hujengwa kidogo kidogo: mazoezi ya kila wiki, mtihani wa katikati ya muhula, na mara nyingi kuchangia darasani, kwa hiyo anayekaa kimya kwa heshima anapoteza alama bila kujua. Uingereza somo zima linaweza kusimama juu ya insha moja au mbili. Huko hatari ni kustarehe hadi wiki ya nane.

Sasa insha, na hapa nisikilize vizuri. Alama yako ya IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, haijakuandaa kwa hili. Insha ya mtihani ule ni maneno 250 ndani ya dakika kama 40, bila chanzo chochote. Chuoni utaombwa maneno 2,000 au 3,000 yaliyojengwa juu ya maandishi ya watu wengine, na bado wanataka kusikia msimamo wako. Aliyefundishwa kwamba jibu zuri ni kurudisha maneno ya mwalimu huandika "fulani anasema hivi, fulani anasema vile" kurasa nane. Kazi inarudi na maoni kwamba maelezo ni mengi na uchambuzi ni mdogo, naye haelewi amekosa nini. Amekosa hoja. Kila aya ianze na dai lako kwa sentensi moja, ifuate na ushahidi, kisha useme ushahidi huo una nguvu wapi na una pengo wapi, na unajibu vipi swali uliloulizwa. Ukimaliza rasimu, soma sentensi ya kwanza ya kila aya mfululizo. Zisipounda hoja inayoeleweka, usihangaike na sarufi kwanza, panga upya.

Tuhuma za kunakili mara nyingi huanzia kwenye daftari. Mtu anakopi sentensi za makala bila alama za nukuu wala namba ya ukurasa, na baada ya wiki tatu hajui yapi yake na yapi ya mwandishi. Kubadilisha neno mojamoja ukiacha muundo wa sentensi vilevile bado ni kosa, hata ukitaja chanzo. Soma aya, funga makala, andika ulichoelewa, kisha fungua ulinganishe na uweke rejeo papo hapo. Asilimia inayotolewa na Turnitin, programu inayolinganisha kazi yako na maandishi mengine, si hukumu. Kazi yenye 25 inaweza kuwa safi, imejaa nukuu na orodha ya marejeo tu, na yenye 8 ikawa na aya nzima iliyochukuliwa. Kuhusu akili mnemba, kanuni hutofautiana kati ya somo na somo ndani ya idara moja, kwa hiyo muulize mhadhiri kwa barua pepe na utunze jibu lake.

Kusoma hakuna haja ya kuanzia mstari wa kwanza. Pitia muhtasari, mwisho wa utangulizi na hitimisho, ndipo uamue kama katikati panakuhusu.

Mhadhiri huwa na saa maalumu za kuonana na wanafunzi. Si za waliofeli, na kwenda si kumsumbua. Nenda na aya moja na swali moja, kwa mfano "dai hili linajitosheleza kwa ushahidi huu?" Ukisema "sielewi somo" hatajua pa kukushika.

Ukiugua au mambo yakikuzidi, omba kuongezewa muda kabla ya tarehe ya mwisho, pamoja na uthibitisho. Ombi la baada ya tarehe ni gumu zaidi kukubaliwa. Na usiache somo lolote kabla ya kuongea na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Marekani, kwa mfano, mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 katika shahada ya kwanza anatakiwa kwa kawaida kuwa na krediti 12 kila muhula. Akishuka chini ya hapo bila kibali, anahatarisha ukaazi wake.

Kazi ipakie mtandaoni saa kadhaa kabla ya muda kufungwa, fungua faili uhakikishe ni lenyewe, na utunze risiti ya mfumo.

Nitumie orodha ya masomo yako na miongozo yake ikishatoka, tuipitie pamoja kwa simu kabla hujasafiri.

Dada yako akupendaye