Nyangumi wauaji wahesabiwe kwa koo zao

Ndugu Mhariri,

Habari nyingi za nyangumi wauaji zinazotufikia ni za aina mbili: ama wamevunja usukani wa mashua karibu na pwani za Hispania na Ureno, jambo lililoanza kuripotiwa mwaka 2020, ama wamebaki wachache. Naomba nafasi nieleze kwa nini idadi peke yake humpa msomaji picha pungufu.

Katika miaka ya 1970, huko British Columbia nchini Kanada, Michael Bigg na wenzake walibaini kuwa kila nyangumi anaweza kutambuliwa kwa umbo na makovu ya pezi lake la mgongoni, pamoja na baka la kijivu lililo nyuma ya pezi hilo. Picha zilizopigwa mwaka hadi mwaka zikaonyesha kwamba nyangumi wakaazi wa pwani ile, ambao hula samaki, hawaachani na mama yao. Mabinti huzaa wakiwa naye, na wana wa kiume, hata wakishakuwa madume makubwa, huenda kujamiiana na majike wa koo nyingine kisha hurudi ubavuni mwake. Kila kundi lina milio yake, ambayo ndama huipata kwa wakubwa wake.

Nguzo ya ukoo huo ni bibi. Jike huacha kuzaa akikaribia miaka 40, lakini anaweza kuishi miongo kadhaa zaidi, na miaka hiyo haiendi bure. Yeye ndiye hutangulia msafara wa kutafuta samoni, hasa mwaka wa uhaba. Akimnasa samaki humkata kwa meno, kipande akala yeye na kingine akampa mwanawe, dume zima linalomzidi mama kwa umbo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa dume aliyevuka miaka 30 hukabiliwa na hatari ya kufa iliyoongezeka yapata mara 14 katika mwaka unaofuata kifo cha mama yake. Kikongwe asiyezaa tena akifa, basi, hesabu hupungua kwa mmoja, ilhali ukoo mzima umetikisika.

Si nyangumi wauaji wote wanaoishi hivyo. Wale wa Antaktika, kwa mfano, huogelea bega kwa bega ili wimbi lao limwangushe sili kutoka juu ya barafu. Ninaowahofia zaidi ni wakaazi wa kusini, kati ya Kanada na jimbo la Washington nchini Marekani, ambao sasa hawafiki 80. Katika miaka ya 1960 na 1970 wengi wao, hasa wadogo, walinaswa na kuuzwa kwenye mabwawa ya maonyesho, na leo wanabanwa na upungufu wa samoni aina ya Chinook, kelele za meli na sumu zilizomo baharini. Ni miongoni mwao ambako mwaka 2018 jike aliyepewa jina la Tahlequah alimbeba ndama wake aliyekufa kwa siku 17, akimsukuma kwa kichwa na kumzamia kila alipoteleza.

Ombi langu kwa gazeti lako ni hili: mtakapoandika kwamba nyangumi muuaji amekufa, mtujulishe pia alikuwa wa ukoo gani, alikuwa na umri gani, na amewaacha nani.

Msomaji wako