Laini Inayosema: Risala ya Wahitimu wa Fani ya Umeme kwa Mgeni Rasmi, Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Wakufunzi wetu,
Wazazi na walezi,
Wanachuo wenzetu, mabibi na mabwana,

Habari za mchana.

Kwa niaba ya wahitimu wote wa fani ya umeme tunakushukuru kwa kukubali kuja. Tumeambiwa kwamba kabla hujakaa ofisini ulianza kazi kwa kupanda nguzo, mkanda kiunoni na koleo mfukoni. Hilo limetupa ujasiri wa kusema nawe kama mafundi wanavyosema na fundi mkubwa, bila kuzunguka. Historia ya chuo na idadi ya wahitimu ameshaisoma Mkuu wa Chuo, hatutairudia. Dakika hizi tumeziomba kwa jambo moja: mtandao wa umeme wenye akili, ule ambao mita, transfoma na swichi zake zinatuma taarifa na kupokea amri, na nafasi ya fundi wa ngazi yetu ndani yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Tuanze na mita, maana hiyo kila mzazi aliyekaa hapa anaijua. Mwaka 2024 wengi wetu tulipokwenda nyumbani likizo tulikuta kazi inatusubiri. Umeme umenunuliwa, lakini badala ya namba 20 tulizozoea zimekuja safu tatu, kila safu namba 20. Bibi yuko kwenye mita anabonyeza, mjukuu anamsomea kutoka kwenye simu, wakifika katikati mtu anapiga, ujumbe unapotea, wanaanza upya. Mtaani ikasemwa kwamba ni ujanja wa kutafuna yuniti za watu.

Haikuwa hivyo. Mita za malipo ya kabla zinazofuata kiwango kimoja cha kimataifa, popote zilipo duniani, zilikuwa zikihesabu muda kwa dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Safu mbili za kwanza zilibadilisha ufunguo wa siri ndani ya mita, ya tatu ndiyo iliyobeba yuniti. Ambaye mita yake haikubadilishwa mpaka siku hiyo, tokeni mpya isingeingia. Tulipowaeleza hivyo wazee wetu walituelewa, na baadhi yetu tulijipatia chai na ndizi kwa majirani kwa kazi hiyo.

Tumeileta habari hii kwa sababu ile kazi yote ilifanywa kwa vidole, nyumba kwa nyumba, nchi nzima. Mita ya LUKU ya kawaida haina njia ya kusema wala kusikia. Nyumba ya mwisho kwenye laini ikikosa umeme, au ikipata umeme mdogo hadi friji inanguruma bila kupoza, hakuna anayejua mpaka mtu apige simu. Mita janja inatuma usomaji wake kupitia mtandao wa simu, redio au waya uleule wa umeme, inatoa taarifa umeme unapokatika, na yuniti zinaingia bila mtu kubonyeza. Wala si kitu cha majaribio. Nchini Italia kampuni ya Enel ilifunga zaidi ya mita milioni 30 za namna hiyo katika miaka michache kuanzia 2001.

Lakini, Mheshimiwa, tukiulizwa sisi, fedha ya kwanza isingekwenda kwenye mita ya nyumbani. Mita hutangulia kwa sababu ndiyo inayorudisha fedha haraka, na hilo tunalielewa. Sisi tungeanza na laini.

Wewe unaijua milima yetu. Laini ya kilovolti 33 inapanda kutoka bondeni kwenda Kibosho, Uru, Old Moshi, Marangu, ikipita juu ya migomba na mikahawa, katikati ya migrivea na mikaratusi. Masika yakianza, tawi lililolowa linaegemea waya. Kama kuna rikloza, yaani swichi ya juu ya nguzo inayojikata na kujirudisha yenyewe, inafungua, inangoja sekunde chache, inajirudisha. Mara nyingi tawi limeshadondoka na umeme unabaki, watu wanaona taa zimekonyeza tu. Tawi likiwa bado lipo, inajaribu tena, kisha inabaki imekata umeme. Kuanzia hapo ni miguu ya mafundi. Wanatoka usiku na tochi, mvua inanyesha, udongo wa mlimani unateleza kama sabuni, wanakwenda nguzo kwa nguzo. Wanafungua kipande kimoja, wanajaribu kingine. Tulipokuwa mafunzo kwa vitendo tuliona jinsi hitilafu ya kurekebisha kwa dakika chache inavyoweza kutafutwa usiku kucha.

Kuna kifaa kidogo kinachobanwa kwenye waya wenyewe, kionyeshi cha hitilafu. Mkondo mkubwa wa hitilafu ukipita, kinawaka taa nyekundu, na chenye kadi ya simu kinatuma ujumbe. Vinne vikiwa kwenye laini, cha tatu kimewaka na cha nne hakikuwaka, basi hitilafu iko kati ya hivyo viwili, na gari linakwenda moja kwa moja. Ukiongeza swichi inayofunguliwa kutoka chumba cha udhibiti, kipande kibovu kinatengwa na wa upande umeme unakotoka wanarudishiwa umeme kabla fundi hajavaa koti la mvua. Kwa maoni yetu, vionyeshi vichache kwenye matawi ya laini za mlimani vingemsaidia mwenye bucha, mwenye saluni na mgonjwa anayetegemea mashine ya oksijeni nyumbani mapema kuliko mita janja mia.

Na miti isidharauliwe kwa kuwa ni miti. Tarehe 14 Agosti 2003, takribani watu milioni 50 wa Marekani na Kanada walikosa umeme. Ilianzia Ohio, laini za msongo mkubwa zikigusa miti ambayo haikukatwa kwa wakati. Chumba cha udhibiti hakikujua, kwa sababu programu ya kengele ilikuwa imekwama na hakuna aliyeona kwamba imekwama. Tulipofundishwa tukio hilo darasani, mwenzetu mmoja wa Machame alisema hata wao wana laini na mti wa namna hiyo, ila mwenye mti ni babu yake na hakubali uguswe. Darasa lilicheka, lakini ndivyo ilivyo. Mti wa mtu kwenye kihamba chake haukatwi na kihisi wala kompyuta. Unahitaji mwenyekiti wa kijiji, kikao, na fundi anayejua kuzungumza na wazee.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Jambo lililo karibu zaidi nasi ni transfoma ya kijiji. Mkufunzi wetu alitupeleka jioni moja na klampu mita, kipimo kinachobana waya, tukapime, kwa kibali na mbele ya wenye mtandao, mkondo wa kila fezi, yaani kila waya kati ya mitatu inayobeba umeme, unapotoka kwenye transfoma. Fezi nyekundu ilikuwa imebeba baa, mashine ya kuchomelea na nyumba zote za barabarani. Fezi ya bluu ilikuwa karibu inalala. Njano iko katikati. Transfoma kwa jumla yake haikuwa imezidiwa, lakini upande mmoja ulikuwa unachemka, na wa mwisho wa fezi nyekundu ndio waliokuwa wanalalamika kwamba taa zao zinawaka kama koroboi. Suluhisho halikuhitaji transfoma mpya. Ilitakiwa kuhamisha nyumba kadhaa kutoka fezi moja kwenda nyingine.

Sasa, nani anapima hivyo kila jioni, kwenye kila transfoma? Hakuna. Mita moja janja chini ya transfoma ingeonyesha mzigo wa kila fezi saa yoyote, na ikiunganishwa na kihisi, joto la mafuta pia. Ingeonyesha hata wizi: umeme uliotoka kwenye transfoma ukilinganishwa na jumla ya mita za wateja, pengo linaonekana, na vishoka wanakosa pa kujificha. Transfoma zinatengenezwa hapa jirani, Arusha, kwenye kiwanda cha Tanelec. Tunadhani siku moja zinaweza kutoka kiwandani zikiwa na vipimo hivyo ndani yake, badala ya kuvifunga baadaye juu ya nguzo.

Tupande kidogo kwenye Gridi ya Taifa, ingawa huko si ngazi yetu. Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa ziarani Kilimanjaro alieleza mpango wa mikoa ya kaskazini kununua umeme kupitia Kenya, kwa sababu umeme unaosafiri mbali kuja huku unapotea njiani. Vijiweni pakachemka. Watu wakauliza: tuna Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, tununue nje tena? Wengine walitugeukia sisi, kwa kuwa tunasoma umeme.

Jibu letu lilikuwa la hesabu ya mwaka wa kwanza. Joto linalopotea kwenye waya linakwenda na mraba wa mkondo. Umeme uleule ukiusafirisha kwa volteji mara tatu, mkondo unabaki theluthi, na upotevu kwenye waya uleule unabaki sehemu moja ya tisa. Rufiji, liliko bwawa hilo, ni mbali, na kwa miaka mingi Moshi tumehudumiwa na laini ya kilovolti 132 inayokuja kituo chetu cha Kiyungi kutoka Hale, Tanga, kupitia Same, na kuunganishwa na Njiro, Arusha. Laini mpya ya kilovolti 400 kutoka Singida kupita Arusha hadi Isinya, Kenya, ni karibu mara tatu ya msongo huo, na imejengwa kubeba hadi megawati 2,000, kwenda au kurudi. Kwa hiyo ni laini ya kuuzia pia. Waliotusikiliza wengine waliridhika na wengine hawakuridhika, na suala la bei tuliwaachia wenye mikataba.

Ila laini ya namna hiyo haiendeshwi kwa simu ya mezani na daftari. Nchi mbili zikiungana zinakuwa mashine moja, zote kwenye masafa ya hezi 50. Mtambo mkubwa ukizimika kwa jirani, sisi tunauhisi sekunde hiyohiyo. Ndiyo maana mitandao ya namna hii hupimwa mara nyingi ndani ya sekunde moja, kila kipimo kikigongwa muhuri wa saa ya setilaiti, ili Singida na Isinya zilinganishwe bila kubishana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Wazazi wametuuliza kama mtandao ukipata akili, watoto wao watapata kazi. Tunawajibu kwamba fundi bado atahitajika, na mfano wetu ni tukio la Ukraine. Tarehe 23 Desemba 2015 wahalifu waliingia kwenye kompyuta za kampuni za usambazaji umeme, wakafungua saketi breka, yaani swichi kubwa za kukatia umeme, kwa mbali, na zaidi ya wateja laki mbili wakabaki gizani wakati wa baridi. Wahandisi waliona kishale kikitembea kwenye kioo na mkono wao hauko kwenye mausi. Umeme ulirudi baada ya saa chache, na ulirudishwa na mafundi waliopanda magari, wakaenda vituoni, wakafunga swichi kwa mikono. Vituo vile vilikuwa bado na swichi za mkono na watu wanaozijua. Mahali ambapo vyote viwili vimeondolewa ili kubana matumizi, hatujui wangefanyaje. Sisi tusingependa kuwa wateja wao.

Kuna na jambo la siri ya mteja. Mita inayosoma kila nusu saa inajua mwenye nyumba amelala saa ngapi na amesafiri lini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo. Tunaomba fundi anayefunga mita afundishwe sheria hiyo pia, kwa sababu ndiye atakayeulizwa mlangoni, na asiwe na jibu la "sijui, nimetumwa".

Sasa maombi yetu. Karakana yetu ina ubao wa kufundishia nyaya za nyumba, mota na kianzishi chake, na mita za LUKU zilizokwisha kazi. Rikloza tumeiona juu ya nguzo na kwenye picha. Rilei ya kidijitali, kifaa kinachogundua hitilafu na kuamuru swichi ikate, hatujawahi kuifungua. Hatuombi vitu vipya. Kwenye ghala za wenye mitandao kuna rikloza zilizoondolewa, rilei zilizobadilishwa, mita janja zilizofeli kwenye ukaguzi. Kwao ni chuma chakavu, kwetu ni mwaka mzima wa masomo. Tunaomba utusaidie kufungua mazungumzo ili vifaa hivyo viletwe chuoni.

La pili, wadogo zetu wanaobaki wapate nafasi za mafunzo kwa vitendo kwenye chumba cha udhibiti cha Kiyungi, hata kwa kupokezana, wawili wawili, wakae nyuma ya kiti na kutazama. La tatu, fundi umeme afundishwe misingi ya mawasiliano ya kompyuta: anwani, nywila, modemu, namna ya kujua kama kifaa kimekufa au kimekosa mtandao wa simu tu. Mwenzetu mmoja aliitwa mjini kubadilisha mita "iliyokufa", akakuta ni antena imelegea.

Na mikanda ya kupandia, Mheshimiwa. Iliyopo imezeeka, na wasichana wanavaa ya saizi ya wanaume. Hili halina uhusiano na teknolojia yoyote mpya, lakini hata kionyeshi cha hitilafu kinahitaji mtu wa kupanda kukifunga.

Tunaomba kuwasilisha.

Wahitimu wa fani ya umeme,
Moshi, Kilimanjaro.